Kupishana Kunahitaji Wawili: Uhakiki wa Lango la Mapigo la Steve Reich

0. Utangulizi

Tarehe 27 Mei 1969, katika Jumba la Makumbusho la Whitney mjini New York, mtunzi wa Marekani Steve Reich alitoa hadharani kazi mbili, Pulse Music na Four Log Drums. Kazi zote mbili zilitegemea chombo kimoja cha kielektroniki ambacho mtunzi alikibuni mwenyewe na kukijenga kwa msaada wa wataalamu wa maabara ya Bell. Alikiita Phase Shifting Pulse Gate, yaani lango la mapigo lenye kupishanisha awamu. Wazo lake lilizaliwa mwaka 1968, na ujenzi wake ulidai miezi mingi ya kazi. Hata hivyo, baada ya maonyesho machache mtunzi alikiweka kando moja kwa moja.

Katika kitabu chake Writings about Music, kilichotolewa mwaka 1974, Reich alieleza sababu. Kwa maoni yake, ukamilifu wa mapigo ya lango ulikuwa mkavu, usio na muziki ndani yake. Kinachoutia uhai muziki wa mapigo yasiyobadilika ni vitofauti vidogo mno ambavyo mwanadamu huvileta bila kukusudia anapopiga au anapoimba. Aidha, kuzungusha vitufe hakukumridhisha mtu aliyezoea kupiga kwa mikono yake.

Hukumu hiyo imerudiwa mara nyingi, na imeungwa na tukio lililofuata: safari ya Reich kwenda Ghana mwaka 1970 na utunzi wa Drumming uliokamilika mwaka 1971. Hivyo imezoeleka kusimuliwa kwamba mashine ilishindwa kwa sababu ya usahihi wake, na kwamba ngoma za Afrika, zenye uhai na zisizo na usahihi huo, ndizo zilizomponya mtunzi. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba masimulizi hayo yana kasoro mbili. Kwanza, usahihi haukuwa kosa la lango. Pili, ngoma za Ghana hazikosi usahihi hata kidogo. Ili kulitetea jambo hilo, inafaa kuanza na maneno yenyewe.

1. Awamu na kupishana

Neno awamu katika Kiswahili lina maana ya zamu au kipindi. Katika elimu ya umeme limepewa maana ya ziada, kama isemwavyo umeme wa awamu tatu. Kwa ufupi, awamu ni mahali ambapo kitu chenye kujirudia kimefika katika mzunguko wake. Wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja wana mwendo mmoja, lakini awamu zao ni mbali mbali: mchi wa mmoja unapopanda, wa mwenziwe unashuka. Wakitwanga kwa awamu moja, michi itagongana.

Kubadilisha awamu kidogo kidogo ni jambo jingine. Hapo mmoja wa wawili huongeza mwendo kwa kiasi kisichoonekana, hata pigo lake litangulie pigo la mwenziwe kwa sehemu ndogo, kisha kwa sehemu kubwa zaidi, na mwishowe lizunguke na kukutana nalo tena. Kwa jambo hili makala haya yanatumia kitenzi kupishana. Uteuzi huu si wa bure. Kupisha ni kumpa mwingine njia. Kiambishi -an- cha kutendana kinadai kwamba tendo liwe na pande mbili, na kila upande utende na kutendewa. Mtu mmoja hawezi kupishana. Sarufi yenyewe inaweka sharti ambalo, kama itakavyoonekana, chombo cha Reich hakikulitimiza.

2. Ugumu wa kiufundi

Lango halikuzuka peke yake. Katikati ya miaka ya 1960, Donald Buchla huko California na Robert Moog katika jimbo la New York walikuwa wakitengeneza sinthesaiza za moduli, yaani ala za kielektroniki zilizoundwa kwa visanduku mbali mbali, kila kimoja na kazi yake, vinavyounganishwa kwa nyaya kadiri mpigaji apendavyo. Buchla alianza kazi hiyo kwa ajili ya San Francisco Tape Music Center, kituo kile kile ambapo mwezi Novemba 1964 Reich alishiriki kupiga In C ya Terry Riley ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo tatizo la kupishanisha awamu kwa usahihi lilikuwa la watunzi na la mafundi kwa pamoja, na ugumu wake wastahili kuelezwa kwa hesabu.

Katika mfumo wa Moog, osileta, yaani kifaa kinachozaa sauti, hupanda kwa oktava moja kila inapoongezewa volti moja. Chukua osileta mbili zilizopatanishwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde. Ikiwa volti ya mojawapo itakosea kwa milivolti moja tu, tofauti yao itakuwa takriban mitetemo 0.3 kwa sekunde, na kwa hiyo baada ya sekunde tatu na kitu awamu zao zitakuwa zimezunguka duara zima. Mtunzi anayetaka mzunguko huo uchukue sekunde kumi kamili sharti aidhibiti volti kwa theluthi moja ya milivolti, na kuishikilia hapo. Lakini transista inayogeuza volti kuwa oktava hubadilika kwa joto, kiasi cha sehemu tatu kwa elfu kwa kila digrii moja, isipokuwa fundi ameweka kinga maalumu. Pumzi za wasikilizaji waliojaa ukumbini zatosha kuuharibu mpango wote.

Ipo njia ya pili, nayo ni kuchukua sauti moja na kuipitisha katika saketi zenye kuchelewesha awamu. Hapa ugumu ni kwamba saketi ya namna hiyo huchelewesha kwa kiasi tofauti kwa kila kimo cha sauti. Harald Bode, fundi Mjerumani aliyehamia Marekani, alihitaji kwa ajili ya kifaa chake cha kuhamisha mitetemo matoleo mawili ya sauti moja yaliyotengana kwa digrii 90 kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Hilo hupatikana kwa minyororo miwili ya saketi iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa. Kizuizi au kapasita moja ikikosea kipimo, kivuli cha sauti isiyotakiwa huvuja.

Njia ya tatu ni kuachana na vyanzo viwili vyenye kuyumba na kutumia saa moja tu ya kidijitali, inayoukata muda katika vipande vidogo vilivyo sawa na kuvihesabu. Kila njia ya sauti huamriwa kufunguka kwenye kipande fulani. Kubadilisha awamu ni kubadilisha namba. Hakuna kinachoyumba, kwa kuwa vyote vinatoka katika saa ile ile. Hii ndiyo njia ya lango la Reich. Kwa upande wa ufundi, lilikuwa jibu sahihi kwa swali gumu, na mhakiki hana budi kulikiri hilo kabla ya kuendelea.

3. Kabla ya lango: kanda na piano

Reich hakuugundua mpishano kwa kutafuta. Mwaka 1965 alikuwa na vitanzi viwili vya kanda vyenye sauti ya mhubiri mweusi, Brother Walter, aliyerekodiwa mjini San Francisco mwaka 1964. Alikusudia kuvipanga kwa namna fulani. Badala yake, mashine mbili zikaanza kwa pamoja, kisha moja ikaitangulia nyingine pole pole kwa sababu mwendo wao haukulingana kabisa. Kama kitanzi kinachukua sekunde moja na mashine moja inaizidi nyingine kwa sehemu moja kwa elfu, itachukua zaidi ya dakika kumi na sita hata zikutane tena. Kosa la kiwandani likawa mbinu ya utunzi, na kazi iliyotokana nalo ni It's Gonna Rain.

Mwaka 1966 ilifuata Come Out, iliyotumia sauti ya kijana Daniel Hamm, mmoja wa vijana sita wa Harlem, akieleza jinsi alivyolazimika kuubana mchubuko wake ili damu itoke, apelekwe hospitali baada ya kupigwa na polisi. Kazi hiyo ilitungwa kwa ajili ya mkutano wa kuchangia kesi yao isikilizwe upya. Kwa mizani ya fani na maudhui, hapa pana mvutano usioweza kufichwa. Kadiri njia za kanda zinavyozidishwa na kupishana, maneno ya kijana yanageuka kuwa mdundo, na mdundo ukawa mvumo. Fani inayameza maudhui yaliyoizaa. Wapo watakaosema kwamba kurudiwa huko kunamlazimisha msikilizaji kukaa na maumivu ambayo angetamani kuyapita upesi. Wengine watauliza ni nani aliyepewa haki ya kuigeuza damu ya mtu kuwa zoezi la awamu. Maswali yote mawili ni halali, na nguvu ya kazi imo katika kutoyajibu.

Jambo muhimu kwa hoja ya makala haya ni kwamba katika kazi hizi mbili za kanda hakuna mpigaji hata mmoja. Hakuna mkono, wala kitofauti kidogo cha mwanadamu. Hata hivyo, zina uhai ambao hakuna aliyewahi kuzinyima. Basi maelezo ya Reich kwamba uhai hutoka kwa mwanadamu hayatoshi. Lazima pawe na sababu nyingine.

Piano Phase ya mwaka 1967 inalisogeza swali mbele. Wapigaji wawili wanaanza pamoja fungu la noti kumi na mbili. Mmoja anashikilia mwendo wake bila kutikisika, na wa pili anaongeza mwendo kidogo sana hata awe mbele kwa noti moja, kisha anatulia, na safari inaanza upya. Kwa kawaida sifa humwendea yule anayesogea. Lakini aliyewahi kujaribu anajua kwamba mzigo mzito uko kwa yule asiyesogea, kwa kuwa sikio lake linavutwa na mwenziwe kila mara, naye sharti amsikie bila kumfuata. Kusogea kwa mmoja kunawezekana kwa sababu mwingine ameshikilia.

4. Lango lenyewe

Katika insha yake ya mwaka 1968, Music as a Gradual Process, Reich alidai muziki ambao mchakato wake na sauti zake ni kitu kimoja, na msikilizaji ausikie mchakato huo ukitendeka. Lango lilikuwa utimilifu wa dai hilo. Katika Pulse Music, osileta kadhaa, kila moja na noti yake, zilipitishwa katika milango iliyofunguka na kufungika kwa mwendo mmoja. Milango yote ilipofunguka kwa awamu moja, ulisikika mdundo wa sauti zote kwa mkupuo. Awamu zilipotenganishwa kidogo, mkupuo ulifumuka kama kitambaa kinachochomolewa nyuzi, ukawa wimbo, na wimbo huo ukageuka kuwa mwingine pasipo kubadilika noti, rangi ya sauti, wala ukubwa wake. Wakati peke yake ndio uliobadilika. Kama wazo, ni vigumu kupata lililo safi zaidi katika muziki wa miaka ile.

Kwa nini basi wazo safi hivyo lilizaa sauti kavu? Reich anajibu: kwa sababu lilikosa vitofauti vidogo. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Tofauti kubwa kati ya kanda na lango haikuwa kiasi cha usahihi, bali idadi ya saa. Mashine mbili za kanda ni saa mbili, kila moja na mwendo wake, na mpishano wao ni tukio linalotokea kati yao. Lango lilikuwa na saa moja tu. Njia zake zote zilikuwa watumishi wa bwana mmoja, na tofauti ya awamu kati yao ilikuwa agizo lililosomwa. Sikio hulitambua jambo hilo hata pale ambapo mwenye sikio hawezi kulieleza. Katika kanda kuna uwezekano wa kukutana na kuachana. Katika lango hakuna anayekutana na mwenziwe, kwa kuwa hakuna mwenziwe.

Four Log Drums inalithibitisha jambo hili kwa namna ya kusikitisha zaidi. Humo wapo wapigaji wanne wenye mikono, mwili na ngoma za magogo. Vitofauti vidogo vya mwanadamu havikukosekana. Lakini kila mmoja alipokea mapigo ya lango kupitia visikilizio vilivyofunika masikio yake, akapiga kwa kuyafuata. Watu wanne walikaa pamoja jukwaani, na kila mmoja akamsikiliza bwana asiyeonekana badala ya kumsikiliza jirani yake. Kama upungufu wa lango ungekuwa kukosa mkono wa mwanadamu tu, kazi hii ingekuwa dawa, na mtunzi asingekuwa na sababu ya kukiacha chombo.

Haki inadai pia kwamba faida ya lango isemwe. Kutokana na kufikiri jinsi noti ndani ya mkupuo mmoja zingeweza kurefushwa badala ya kusogezwa, Reich alitunga Four Organs mwezi Januari 1970, kazi yenye mkupuo mmoja unaonyoshwa hatua kwa hatua mpaka uwe mrefu kupita kiasi, huku mpigaji wa kayamba akishikilia mapigo. Kazi hiyo ilipopigwa Carnegie Hall mwaka 1973, baadhi ya wasikilizaji walipiga kelele za kuikataa. Wazo lilitoka kwenye chombo, na saa ikarudishwa mkononi mwa mtu ambaye wenziwe wanamsikia. Hivyo lango halikufa bila mtoto.

5. Ghana na kosa la wahakiki

Katika kiangazi cha mwaka 1970 Reich alikwenda Taasisi ya Elimu ya Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, akajifunza ngoma za Waewe kwa bingwa Gideon Alorwoyie. Malaria ilimrudisha nyumbani baada ya majuma matano hivi. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960 alikuwa ameshakijua kitabu cha A. M. Jones, Studies in African Music, cha mwaka 1959. Yeye mwenyewe alisema kwamba Ghana ilimthibitishia njia aliyokwisha kuishika, na tarehe zinamuunga mkono: mpishano wa kanda ni wa 1965, na wa piano ni wa 1967.

Hapa ndipo masimulizi yaliyozoeleka yanapohitaji kukosolewa kwa uwazi. Katika ngoma za Waewe awamu hazisogei. Kengele ya chuma iitwayo gankogui hupiga mapigo saba yaliyogawanywa katika sehemu kumi na mbili, nayo haibadiliki. Kibuyu axatse, ngoma ndogo kagan, na ngoma kidi kila kimoja huingia mahali pake, na mahali hapo hulindwa tangu mwanzo hadi mwisho. Anayeteleza kutoka mahali pake hajapishana na wenziwe. Amekosea, na atatazamwa na kurekebishwa. Kwa hiyo mbinu ya kusogeza awamu pole pole iliyomo katika Drumming haikutoka Ghana, na kuihesabu kuwa ya Kiafrika ni kuwasingizia Waewe jambo wanalolihesabu kuwa kosa.

Kinachofichwa na masimulizi hayo ni dhana ya zamani kwamba Mwafrika ana mdundo na Mzungu ana kipimo. Ukisema mashine ilishindwa kwa kuwa na usahihi na ngoma ikashinda kwa kuwa na uhai, umewatoa wapigaji wa ngoma katika nyumba ya elimu na kuwarudisha katika nyumba ya silika. Ukweli ni kinyume. Kumi na mbili ya gankogui ni hesabu, na usahihi wake ni mkali. Tofauti ni kwamba usahihi huo haukutolewa na saa iliyofichwa. Umejengwa kati ya watu: kidi inamjibu mpigaji wa ngoma kuu, ngoma kuu inamtazama mchezaji, na wote wanaitegemea kengele, ambayo nayo hupigwa na mtu mwenye masikio.

Clapping Music ya mwaka 1972 inatoa ushahidi wa mwisho. Humo wapigaji wawili wa makofi hawasogei pole pole kamwe. Mmoja hubaki mahali pake, na wa pili huruka ghafla kwa sehemu moja kati ya kumi na mbili, mpaka duara likamilike. Ni mwendo wa ngazi, kama ulivyokuwa mwendo wa namba ndani ya lango, tena ngazi zake ni ndefu zaidi. Kama tatizo lingekuwa ngazi za kidijitali, kazi hii ingekuwa kavu kuliko Pulse Music. Si kavu, kwa sababu mikono minne imegawana watu wawili, na anayeruka lazima amsikie anayebaki.

6. Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba ugumu wa kupishanisha awamu kwa usahihi una tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la mafundi: volti, joto, vizuizi na saa. Lango la Reich lilijibu tabaka hilo vizuri. Tabaka la pili ni la uhusiano kati ya sauti na sauti. Osileta mbili zilizo huru zina uwili, lakini zinayumba ovyo. Kanda mbili zina uwili, na kuyumba kwao ni kwa pole pole, hata sikio likaweza kukufuata. Wapigaji wawili wana uwili na usikivu pia. Lango halikuwa na uwili wala usikivu.

Jambo hili si la historia tu. Tangu mfumo wa Eurorack ulipoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1990, sinthesaiza za moduli zimerudi kwa wingi, nyingi zikiwa na saa za kidijitali zenye usahihi ambao mafundi wa 1969 wangeuonea wivu. Ili kuyaondoa makavu, baadhi ya vifaa na programu huongeza makosa madogo ya kubahatisha kwenye mapigo, kwa imani kwamba hivyo vitafanana na mwanadamu. Hiyo ni kuurudia ule nusu ukweli wa Reich kana kwamba ni ukweli mzima. Kosa la kubahatisha halimjibu mtu. Mwanamke anayetwanga akichelewesha mchi wake kidogo ni kwa kuwa ameuona wa mwenziwe ukichelewa.

Kwa upande wa lugha, pendekezo linalotokana na hayo ni hili. Istilahi ya kiufundi itakayotumika katika mafunzo ya muziki wa kielektroniki kwa Kiswahili itenganishe kuhamisha awamu, ambako kifaa kimoja hukifanyia sauti moja, na kupishana kwa awamu, ambako hutokea kati ya vyanzo viwili. Lango la mwaka 1969 lilihamisha awamu kwa usahihi wa kusifiwa. Kupishana halikupata kujua.